Neno "Boma": Maana Yake na Asili Yake

Katika maneno ya Kiswahili yanayohusu vita na kujilinda, ni machache yaliyosafiri mbali kama neno boma. Lasikiwa tangu pwani ya Bahari ya Hindi hata Maziwa Makuu. Limeingia katika Kichewa cha Malawi na katika lugha za Zambia. Wajerumani walilitia katika vitabu vyao, na Waingereza wakalitia katika kamusi zao. Ni neno la mchungaji wa ng'ombe na la askari, la fundi wa kujenga na la mkuu wa wilaya, wala hapana mmoja wao aonaye kwamba analiazima kwa mwenziwe.

Juu ya neno hili yasimuliwa habari moja ambayo sisi walimu huisikia mara nyingi, nayo imekwisha kuingia katika madaftari ya wanafunzi na katika maelezo wanayopewa wageni mbele ya majengo ya zamani. Yasemwa kwamba boma si neno hata kidogo, bali ni herufi nne tu, B na O na M na A, ambazo ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya utawala wa Waingereza wa kusimamia mambo ya ng'ambo. Wengine husema sivyo, bali herufi hizo zilikuwa zikiandikwa mahali walipolia chakula maofisa wa Kiingereza, na wenyeji walipoziona ubaoni wakazisoma kama neno, ndipo likaenea.

Habari hii yapendeza kusikia, nayo ni rahisi kukumbukwa. Kwa hiyo imepata wafuasi wengi. Lakini utamu wa habari si ushahidi wake. Nia yetu katika kurasa hizi ni kuipima kama ipimwavyo hoja yo yote ya lugha: kwa tarehe, kwa sauti, kwa maana, na kwa habari za watu waliokutana. Tukiisha kuipima tutaeleza maana ya neno lenyewe na jinsi ilivyogeuka, maana ndipo ilipo faida kwa wale wafundishao.

Kwanza tuseme boma ni nini. Maana yake ya msingi ni kizuizi kilichozungushwa mahali ili walio ndani wasidhuriwe na walio nje. Kizuizi hicho chaweza kuwa cha matawi ya miiba, au cha magogo yaliyosimamishwa na kushindiliwa ardhini, au cha mimea iliyo hai kama mnyaa, au cha udongo, au cha mawe. Si kitu cha namna moja tu. Kinachokifanya kiwe boma ni kazi yake, yaani kuzunguka na kulinda. Ndiyo sababu zizi la ng'ombe ni boma, na kijiji kilichozungushiwa magogo ni boma, na jengo la mawe lenye matundu ya bunduki ni boma vile vile.

Katika karne ya 19 misafara ilipokuwa ikienda kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, desturi ya wapagazi ilikuwa kukata miiba na kuizungusha kambi jioni, kwa kuwaogopa simba na watu wabaya. Boma la namna hii lilikuwa la usiku mmoja. Lakini yalikuwako maboma ya kudumu. Wangoni walipovuka kutoka kusini na kuingia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, katika miaka ya 1840, na biashara ya watumwa na ya pembe ilipoongeza bunduki barani, watu wengi walijikusanya katika vijiji vilivyozungushiwa magogo, na vingine vikachimbiwa handaki nje. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipopigana na Wajerumani alikuwa ndani ya boma lake, na huko ndiko alikofia Januari 1893. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijenga kuta za mawe Kalenga, nazo zilivunjwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Kule pwani, Abushiri bin Salim alikuwa na boma lake karibu na Bagamoyo, nalo likashambuliwa na Wissmann tarehe 8 Mei 1889. Msomaji na ayatazame majina hayo: katika vita zile boma halikuwa kitu cha upande mmoja. Waliokuja walijenga maboma, na waliokutwa walikuwa nayo tayari.

Wala boma halikuwa peke yake. Lugha zetu zina utajiri wa maneno ya jambo hili. Jina la mji wa Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Na Wachewa wana neno linga kwa mahali palipozungushiwa ukuta wa kujilinda. Kiswahili chenyewe kina ngome, na husuni iliyotoka Kiarabu, na gereza, na handaki. Tusije tukadhani kwamba babu zetu waliishi katika nchi isiyo na maneno ya vita, wakangoja kupewa.

Sasa na tuulize: mtu akitaka kuthibitisha kwamba neno fulani limetoka ugenini, yampasa kuonyesha nini? Mfano mzuri tunao karibu, nao ni lile neno gereza. Asili yake ni neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Huenda jambo hili likawashangaza wengine, kuona kwamba kanisa limekuwa kifungo. Lakini tazameni jinsi kila hatua inavyosimama juu ya nchi kavu.

Kwanza, neno la asili lajulikana. Lipo katika Kireno hata leo. Pili, watu walikutana: Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, wakaanza kujenga ngome ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus, mwaka 1593, wakaishika hata mwaka 1698 walipotolewa na Waarabu wa Omani. Tatu, sauti zafuata njia iliyo ya kawaida: irabu ya mwanzo imeanguka, konsonanti mbili zilizogusana zimetenganishwa kwa irabu, na sauti ya Kireno ambayo Kiswahili hakina imegeuka kuwa z. Nne, maana yaonyesha njia yake: kanisa lilikuwa ndani ya ngome ya askari, na jina la kilicho ndani likashika jengo zima. Huko Kilwa Kisiwani ngome iliyoko ufukoni yaitwa Gereza hata sasa. Kisha ngome zilipokoma kuwa za vita zikawa za wafungwa: Fort Jesus ilikuwa kifungo tangu 1895 hata 1958, na ngome ya Lamu nayo ilitumika hivyo kwa miaka mingi. Basi jina likahama kutoka ngome kwenda kifungo, likabaki huko.

Hiyo ndiyo njia ya kuthibitisha. Neno la asili, watu waliokutana, tarehe, sauti, na daraja za maana: mambo matano. Mwenye kudai kwamba boma ni herufi za Kiingereza na ayalete matano hayo, nasi tutamsikiliza.

Na tuanze na tarehe, maana hizo ndizo zinazomaliza shauri upesi. Henry Morton Stanley alisafiri kutoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone mwaka 1871, na kitabu chake kilitoka mwaka 1872. Katika kitabu hicho neno boma limo, tena mara nyingi, likiwa jina la uzio wa kambi na wa vijiji. Kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, yule mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Nayo ina neno hili. Krapf aliyakusanya maneno yake miaka mingi kabla ya hapo, kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa na wa jirani zake.

Mwaka 1872 Waingereza walikuwa wanatawala nini barani Afrika ya Mashariki? Hawakuwa na hata wilaya moja. Pwani ilikuwa ya Sultani wa Unguja. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake mwaka 1888. Himaya yao katika nchi ya Nyasa ilianza mwaka 1891, ya Uganda mwaka 1894, na ile iliyokuja kuitwa Kenya ilianza mwaka 1895. Tanganyika hawakuishika ila katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na kabla yao Wajerumani walikuwa wamekwisha kuziita ofisi zao boma kwa muda wa miaka ishirini na zaidi. Je, Mjerumani angeliandika juu ya ofisi yake herufi za utawala wa Waingereza? Na Krapf angeliwezaje kuandika katika kamusi yake kifupisho cha serikali isiyokuwapo bado? Mtoto hamzai babu yake.

Tena hakuna idara ya serikali ya Uingereza iliyokuwa na jina hilo. Nchi hizi zilipokuwa makoloni na himaya zilisimamiwa kutoka London na wizara ya makoloni, na jina lake kwa Kiingereza halina uhusiano na herufi hizo. Na hiyo habari ya chumba cha kulia cha maofisa yaishuhudia nyingine kuwa ni ya uongo, kama vile hiyo nyingine inavyoishuhudia hii. Kwani ikiwa herufi zasimama badala ya utawala, hazisimami badala ya chakula. Kifupisho cha kweli kina maana moja, nayo imeandikwa mahali. Kifupisho cha kubuniwa huwa na maana nyingi, kwa sababu kila msimulizi huzijaza herufi kwa maneno ayapendayo.

Tusiwaonee wenye habari hii. Yaweza kutokea kwamba herufi za mwanzo zinakuwa neno kamili. Katika Kiswahili tumeliona kwa macho yetu: UKIMWI ni herufi zilizokusanywa kutoka maneno "upungufu wa kinga mwilini", na leo mtu hulitamka kama jina lo lote la ugonjwa. Lakini angalieni tofauti. Maneno yaliyozaa UKIMWI yajulikana, ni ya Kiswahili, na wakati wake wa kuzaliwa wajulikana. Tena desturi ya kuunda maneno kwa njia hii ilienea hasa katika karne ya 20, baada ya ile Vita Kuu. Kuirudisha nyuma hata wakati wa wapagazi wa Bagamoyo ni kuwavika watu wa kale nguo za wajukuu wao.

Hapo, kwa habari ya tarehe, shauri limekwisha. Lakini kukanusha asili ya uongo si sawasawa na kuonyesha asili ya kweli; na katika jambo hili la pili yatupasa kwenda polepole.

Wako wataalamu waliolinasibisha neno hili na Kiajemi. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939, kazi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, yalihusisha na neno la Kiajemi buum. Kweli Kiajemi kina neno bum, lenye maana ya nchi au makao, na kweli Waajemi na Waswahili walijuana tangu zamani. Maneno kama bandari na handaki yana asili ya Kiajemi, hata ikiwa mengine yalipita kwa Waarabu kwanza. Dai hili basi si la mzaha kama lile la herufi. Walakini lina udhaifu. Daraja la maana ni jembamba: nchi au makao si kizuizi. Tena maneno tuliyoyapata kwa Waajemi mengi ni ya bahari, ya biashara, na ya mambo ya mjini. Bali boma ni neno la miiba na magogo na ng'ombe, nalo laonekana kuwa nyumbani zaidi barani kuliko bandarini. Kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi.

Na kwamba hakutoshi, mji wa Boma katika Kongo ni onyo zuri. Mji huo uko karibu na mahali Mto Kongo unapoingia katika bahari ya magharibi, nao ulikuwa makao makuu ya serikali tangu 1886 hata miaka ya 1920. Stanley alifika huko Agosti 1877, akiwa ametoka pwani ya mashariki pamoja na watu wa Unguja. Mtu angeweza kusema upesi: tazama, Waswahili walilipeleka neno lao mpaka huko. Lakini mji huo uliitwa hivyo kabla ya Stanley na watu wake hawajautia macho. Katika Kikongo liko neno mboma, ambalo ni jina la chatu, wala halihusiani na ngome. Maneno mawili yaweza kufanana uso kama watu wawili njiani, na hali hawakuzaliwa nyumba moja.

Wengine, hasa wageni wanaotembelea nchi ya Wamasai, hudhani kwamba boma ni neno la Kimasai, kwa kuwa makao ya Wamasai ndiyo waliyoonyeshwa kwa jina hilo. Hilo nalo si kweli. Mmasai kwa lugha yake huyaita makao hayo enkang. Boma ni jina walilopewa na Waswahili.

Sisi twaona kwamba neno hili lina dalili za kuwa la Kibantu, na dalili iliyo kubwa ni kitenzi bomoa. Kila mwalimu wa sarufi ajua kwamba Kiswahili huweza kukigeuza kitenzi kinyume kwa kukitia ua au oa mwishoni: funga na fungua, tega na tegua, kunja na kunjua. Na irabu ya shina ikiwa o, mwisho huwa oa, kama vile choma na chomoa: kuchoma ni kutia ndani, kuchomoa ni kutoa. Kwa mwendo huo huo, bomoa yaonekana kuwa kinyume cha shina ambalo kazi yake ilikuwa kusimamisha au kurundika. Na boma ni kitu kilichosimamishwa au kurundikwa. Kitenzi chenyewe cha kujenga kimekufa, lakini kinyume chake kingali hai. Tena bomoa si neno la Waswahili peke yao. Wakikuyu wana momora kwa maana iyo hiyo, jambo linaloonyesha kwamba shina hili lina mizizi mbali na bahari.

Lakini hoja hii nayo na ipimwe kwa mizani ile ile. Si kila kitenzi chenye mwisho wa oa ni kinyume cha kingine: twasema toboa, wala hatuna toba la kuziba tundu, twasema okoa, wala oka si kuangamiza. Kwa hiyo bomoa ni shahidi, si hakimu. Na wale watakaotaka kuleta wingi wake, maboma, kuwa ushahidi wa Ubantu wake, na wakumbuke kwamba magereza pia yana wingi huo huo, na asili yake ni Ureno. Lugha yetu humvika mgeni nguo za nyumbani, kisha hutamtambua kwa nguo. Mwalimu akiulizwa, na aseme hivi: boma ni neno la Kiswahili, la zamani kuliko utawala wa Wazungu, nalo laelekea kuwa la Kibantu. Hapo atakuwa amesema kweli.

Tuje sasa katika maana, maana huko ndiko lilikopatikana badiliko kubwa. Wajerumani walipoingia barani, kila walipofika walijenga kwanza mahali pa kujilinda. Askari wao walikuwa wachache, na nchi ilikuwa kubwa. Kituo kilikuwa na ukuta, na mnara, na matundu ya bunduki. Watu walipokiona walikiita kwa jina walilokuwa nalo tayari kwa kitu cha namna ile: boma. Wajerumani nao wakalichukua jina hilo, wakaliandika katika ramani zao na ripoti zao. Boma la Mikindani lilijengwa mwaka 1895, la Bagamoyo mwaka 1897, la Arusha mwaka 1900. Hata jengo la Dar es Salaam ambalo Sultani Majid alilijenga katika miaka ya 1860 kwa ajili ya mji wake mpya, nalo halikuwa ngome, lilipokuwa ofisi ya serikali likaitwa boma, na leo lajulikana kwa jina la Boma la Kale.

Ndani ya boma alikaa bwana mkubwa. Huko ndiko mashauri yalikosikilizwa, watu wakafungwa, viboko vikapigwa, na tangu mwaka 1898 kodi ya nyumba ikalipwa. Basi "kwenda bomani" hakukuwa tena kwenda mahali pa salama. Kulikuwa kwenda mahali pa amri. Ukuta ulikuwa ule ule, lakini mwananchi sasa alikuwa nje yake. Katika vita vya Maji Maji mwaka 1905 maboma ndiyo yaliyoshambuliwa: boma la Liwale lilitekwa na kuchomwa moto mwezi wa Agosti, na tarehe 30 ya mwezi huo maelfu ya watu waliliendea boma la Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za mtombo, wakafa wengi. Waliokwenda Mahenge siku ile walijua vizuri maana ya neno hili, wala hawakufundishwa na Mwingereza.

Waingereza walipokuja baada ya Wajerumani walikuta majengo na jina, wakavishika vyote viwili. Ofisi ya mkuu wa wilaya iliendelea kuwa boma hata ilipokuwa nyumba ya bati isiyo na ukuta wala askari. Ndipo neno likakamilisha safari yake: kutoka kizuizi kwenda jengo, kutoka jengo kwenda ofisi, na kutoka ofisi kwenda mamlaka yenyewe. Huko Malawi safari hii imefika mwisho wake, maana katika Kichewa boma ni serikali. Katika miji mingi ya kwetu liko bado eneo liitwalo Bomani, ijapokuwa ukuta umekwisha kubomoka.

Lakini maana ya kwanza haikufa. Mji wa Bomang'ombe, katika wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, wabeba jina la zizi, wala hapana afisa wa ng'ambo aliyeketi na ng'ombe hao. Huko Kenya watu wengi husema boma kwa maana ya nyumbani kwa mtu pamoja na wote waliomo, na kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1971 kiliitwa hivyo kwa sababu hiyo. Na Tanzania mafundi wana maana nyingine tena: nyumba iliyosimama kuta tupu, ambayo haijaezekwa, ni boma. Walimu wa leo walijua sana neno hili, maana mara nyingi wazazi hujenga maboma ya madarasa kwa nguvu zao, kisha wakangoja fedha za bati. Angalieni jinsi maana ya shina ilivyodumu: kuta zilizosimamishwa na kuzunguka mahali. Vifupisho vya ofisi havizai matawi ya namna hii; mti wenye mizizi ndio uzaao.

Kwa nini basi habari ya herufi imependwa hivi? Twaona ina sababu, nayo yafaa kutazamwa kwa haki. Kwa muda wa vizazi viwili au vitatu watu wengi walilijua boma kwa uso mmoja tu, uso wa serikali ya kigeni: bendera, kodi, na kifungo. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo huona ni sawa kabisa kwamba jina nalo lilikuja na bendera. Habari hiyo basi ni ya uongo kwa asili ya neno, lakini ni shahidi wa kweli wa jinsi neno lilivyosikika masikioni mwa watu wa wakati ule. Mwalimu mwenye busara hataitupa tu. Atawaonyesha wanafunzi kosa lake, kisha atawauliza ni maisha gani yaliyowafanya watu waisadiki.

Hasara yake ni tatu. Ya kwanza ni ya historia. Mwanafunzi aambiwaye kwamba boma ni herufi za Waingereza hufundishwa, bila mwalimu kukusudia, kwamba kabla ya Waingereza hapakuwa na boma. Na hivyo kuta za Kalenga na magogo ya Unyanyembe hufutwa kwa neno moja. Ya pili ni ya akili. Huzoea kupokea maelezo kwa sababu ni matamu, asiulize tarehe wala shahidi.

Ya tatu yawahusu hasa wale wanaosoma Maandiko mbele ya watu. Katika Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, Zaburi ya 18, aya ya 2, watafsiri walitumia boma na ngome pamoja katika aya moja, wakimtaja Mungu kwa maneno yote mawili. Walihitaji maneno mawili kwa sababu Kiebrania chenyewe kina mawili mahali hapo. La kwanza ni metsuda, nalo ni mahali pa kushikilia wakati wa vita, lenye asili moja na jina la mwamba wa Masada. La pili ni misgab, mahali pa juu pasipofikiwa na adui. Watafsiri waliliweka boma mahali pa lile la kwanza, wakachagua vema. Mtu anayekimbizwa, kama Daudi alivyokimbizwa, hatafuti ofisi. Atafuta mahali palipozungushwa, ambapo akiisha kuingia, adui hubaki nje.

Msikilizaji akiwa na kichwani mwake habari ya herufi, aya hiyo humwambia nini? Humwambia kwamba Mungu ni mkuu wa wilaya. Kwa mtu ambaye babu yake alipigwa viboko bomani, hilo si neno la faraja. Hatusemi kwamba neno libadilishwe, twasema lifafanuliwe. Mhubiri na awakumbushe watu lile zizi la miiba ambalo ndama hulala ndani yake na fisi hulia nje, au ile kambi ya wapagazi waliochoka. Wazee katika mkutano watalielewa mara moja, na vijana wataona kwamba Zaburi yasema kwa lugha ya nchi yao.

Kwa wenzetu walimu shauri letu ni fupi. Neno hili likitokea darasani, msilimalize kwa dakika moja. Waandikisheni wanafunzi maana zake zote zinazosemwa katika wilaya yenu, na majina ya mahali yaliyo na boma ndani yake. Wawaulize wazee boma la kwao lilijengwa kwa nini, na nani alikuwa ndani, na nani nje. Kisha wapangeni tarehe: 1872, 1882, 1895, 1916; wenyewe wataona habari ya herufi ikianguka, bila mwalimu kuisukuma. Na huko kuanguka, kama tulivyoonyesha, Kiswahili kina neno lake: kubomoka.